Waambie Ni Baridi Tu

Daktari alikuwa anaongea na mume. Mgonjwa alikaa hapo hapo, goti kwa goti na mumewe, mkoba mapajani, lakini kila daktari alipofika penye neno zito aligeuza shingo kumwelekea mwanamume, utadhani mwanamke amekuja kumsindikiza tu.

"Kinyama tulichokichukua kimeonyesha saratani ya mapafu, mzee. Pafu la kulia. Imeshaingia kwenye tezi za katikati ya kifua, kwa hiyo upasuaji hautasaidia. Tutampa dawa za mshipa. Tutaipunguza nguvu, tumpe muda."

"Mimi niko hapa," mwanamke akasema.

"Samahani, mama."

"Hiyo saratani ni yake au yangu? Maana naona unamkabidhi yeye."

Daktari akacheka kidogo, kisha akaona aibu kwa kucheka. Akakivuta kiti, akamgeukia yeye, akafungua fomu yake. "Mama, umewahi kuvuta sigara?"

"Hata siku moja."

"Nyumbani kuna anayevuta?"

Swali hilo halikuwa la mwanamke kulijibu. Alimwachia mwenye nalo, akasubiri. Mumewe alikuwa ameinua macho kwenye saa ya ukutani, anaitazama kwa makini ya kazi, kama aliyeitwa kuitengeneza. Kalamu ya daktari ikaning'inia. Nje ya mlango mtu akaitwa jina mara mbili, akaitika.

"Yupo," mwanamke akasema mwishowe.

Daktari akaandika, hakuuliza ni nani. Akaeleza kwamba hakuna awezaye kusema kwa hakika kilichomletea mtu mmoja maradhi haya, wapo wanaoyapata bila kunusa moshi maishani mwao, na wapo wanaovuta hadi uzeeni wasipate kitu. Aliyasema kwa upole, lakini mwanamume alikuwa ameshasimama, anautafuta mlango.

Walitembea hadi kituo cha basi. Hapo kituoni, akitazama upande magari yanakotokea, mume akasema, "Watu wakiuliza, waambie ni baridi tu. Baridi ya mapafu."

"Kwa nini?"

"Watu wana midomo."

"Midomo yao itaninyonya nini mimi?"

Basi likaja. Mwanamke akaketi dirishani, na ilimchukua vituo vitatu kuelewa kwamba ameombwa kumficha mtu, na anayefichwa siye mgonjwa.

Mtaani walimwita Sindano. Alipata jina hilo kwa wembamba wake ujanani, na lilibaki kwa sababu ya ulimi wake. Mumewe aliitwa Fundi Saa, ingawa siku hizi watu walimletea redio, rimoti na hata simu, na saa chache za wazee waliokataa kuzitupa. Miaka ishirini na sita walikuwa wamefanya kazi katika chumba kimoja, chumba cha mbele cha nyumba yao: cherehani yake upande wa ukuta, meza ya mumewe chini ya dirisha, kwa sababu fundi wa vitu vidogo anahitaji mwanga. Dirisha lilikuwa moja. Mvua ikinyesha mlango ulifungwa, ili vitambaa visilowe.

Na Fundi Saa alivuta. Alivuta akifungua mfuniko wa saa, alivuta akitafuta skrubu iliyodondoka, sigara ikiwa pembeni ya mdomo na lenzi imebanwa jichoni. Sindano alikuwa na maneno yake ya siku zote: "Watoto wa watu watavaa sare mpya zinazonuka kama baba zao." Mume alicheka, akapuliza moshi nje, na nusu yake ikarudi ndani. Basi. Walishagombana juu ya mengi, juu ya ndugu, juu ya redio kupigwa sauti kubwa, lakini juu ya sigara hawakuwahi kugombana. Hilo nalo lilimkera Sindano sasa. Angekuwa aliwahi kupiga kelele hata mara moja, leo angekuwa na pa kusimama.

Asubuhi iliyofuata siku ya hospitali, aliamka akakuta meza ya chini ya dirisha haipo. Mumewe ameibeba hadi nje barazani, peke yake, na droo zake zote. Pale ilipokuwa palibaki alama za miguu minne kwenye vumbi la sakafuni.

"Umehama?" Sindano akauliza kutoka mlangoni.

"Huku kuna hewa."

"Ndani nako kuna hewa. Sasa hivi ndiyo kuna hewa."

Alitaka mumewe acheke, au akasirike. Mume akainamia redio, akaanza kufungua skrubu ambayo ilikuwa imeshafunguka. Tangu siku hiyo wakawa majirani. Mume alimletea chai, akamuuliza kama anahitaji kitu, akajibiwa hapana. Sigara aliivutia nyuma ya nyumba, karibu na choo, na akirudi ananawa mikono na uso kama mtu aliyetoka kuzika.

Sindano alibaki na cherehani. Miaka yote hakujua kwamba alikuwa akishona huku akisikiliza: ule mkwaruzo wa koleo, ile pua ya mumewe iliyopiga filimbi akizama kazini, matusi madogo kwa skrubu. Sasa akikanyaga cherehani alisikia cherehani tu, na akiacha kukanyaga alisikia kifua chake.

Msimu wa kufungua shule ulikuwa unakaribia. Mke wa mwalimu mkuu alikuwa amempa kazi ya sketi arobaini za shule ya mumewe, kama kila mwaka. Sindano alikuwa amekata zote na kushona kumi na moja. Mwanamke huyo akaja siku moja saa nne asubuhi, akasimama kizingitini, leso ameibana puani.

"Karibu ndani, dada."

"Hapana, nina haraka. Hali yako?"

"Nashukuru. Kikohozi tu kidogo."

"Bado?" Akarudi hatua moja. "Kinakwenda mwezi wa tatu hicho."

"Baridi ya mapafu," Sindano akasema. Barazani, hatua nne kutoka walipokuwa, koleo likanyamaza.

"Baridi, na jua hili?" Mke wa mwalimu mkuu akatazama pembeni. "Mimi sisemi kitu, mwenzangu. Lakini hizi ni nguo za watoto. Wazazi wakisikia fundi ana kifua kikuu, mwalimu ataulizwa yeye. Nipe vitambaa, nitavipeleka kwingine. Ukipona tutaongea."

"Sina kifua kikuu."

"Nani kasema unacho?"

"Wewe, sasa hivi."

"Ndiyo hivyo nimeshasema, tusigombane."

Sindano akainua macho, akatazama barazani. Kutoka hapo aliona mgongo wa mumewe, shati lake la kijivu, shingo iliyoinama. Neno moja lingetosha. Alimpa muda wa kulisema. Akaanza kukunja vitambaa polepole kuliko ilivyohitajika, akizipanga sketi ambazo hazijaunganishwa, mbele na nyuma, mbele na nyuma. Mgongo haukugeuka. Akazifunga kwa utepe wa kitambaa hicho hicho, akaja nazo mlangoni. Mke wa mwalimu mkuu hakuzipokea mkononi. Alifungua mfuko, akauinamisha, akaomba azitumbukize.

Zile kumi na moja zilizoshonwa aliziacha. Alisema hizo atazungumza na mwalimu kwanza.

Aliyekuja kila siku alikuwa wifi yake, dada mkubwa wa Fundi Saa, mwanamke mnene mwenye huruma nyingi na masikio machache. Aliambiwa baridi, akaamini baridi. Alileta majani ya kufukiza, asali, mafuta ya kuchua, na habari za watu waliopona vitu vibaya zaidi.

"Kula, wifi yangu. Umekonda hadi jina limekurudia."

Sindano akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikakaa. Kilipopita, macho yakimtoka machozi, alisema, "Wifi, mimi naogopa."

"Unaogopa nini?"

"Naogopa sitapona."

"Ebo! Usiseme hivyo. Ulimi huumba. Mtu haumwi kidogo akaanza kujichimbia." Akampiga paja kwa upendo. "Kunywa asali hii."

Akainywa asali. Ilikuwa tamu. Jioni mwanawe wa pekee alipiga simu kutoka mji anakofanya kazi, akauliza baridi inaendeleaje, na mama akasikia sauti yake mwenyewe ikisema inaendelea vizuri. Alipokata simu alijiona kama mtu aliyesimama upande wa pili wa kioo cha duka: wanamwona, wanampungia mkono, na hakuna linalopita.

Siku ya dawa ya kwanza Fundi Saa alimsindikiza hadi lango la hospitali. Hapo akasimama.

"Nitakusubiri hapa."

"Hapa nje? Wamesema itachukua saa tano, sita."

"Nitasubiri tu."

"Wameruhusu mtu mmoja aingie na mgonjwa."

Akaitazama ile njia ya saruji iendayo wodini, na Sindano akaona kidevu chake kinatetemeka. Akamwonea huruma, na papo hapo akakasirika kwamba hata huruma ya siku hiyo imechukuliwa na yeye. Akaingia peke yake.

Chumba cha dawa kilikuwa na viti sita vya kuegemea na madirisha marefu. Muuguzi alitafuta mshipa mara tatu. Kila kiti kilikuwa na mgonjwa wake, na wengi walikuwa na mtu: binti, kaka, jirani, mwenye chupa ya maji na blanketi. Yeye na mwanamke wa kiti cha pembeni ndio pekee waliokuwa na mikoba tu juu ya stuli. Mwanamke huyo, muuza vyombo vya plastiki sokoni, alikuwa amefunga kilemba chekundu juu ya kichwa kisicho na unywele.

"Wako yuko wapi?" muuza vyombo akauliza.

"Langoni. Na wako?"

"Wangu wako nyumbani wananililia mapema, ili siku ikifika wawe wamezoea." Akarekebisha mrija mkononi. "Nikiamka kwenda kunywa maji wanashtuka, kama maiti imekumbuka kitu."

Sindano akacheka. Hakukohoa safari hii, au alikohoa na hakujali. "Mimi kwangu hawajui. Mume kasema niwaambie ni baridi."

"Baridi!" Muuza vyombo akatikisa kichwa. "Wewe umefichwa, mimi nimeanikwa. Sijui nani ana nafuu." Akafikiri. "Wewe huna. Mimi angalau nikilia wanajua nalia nini."

Waliongea kama saa nzima. Kisha muuza vyombo akalala, mdomo wazi, na Sindano akabaki kutazama tone likianguka, na jingine, na jingine. Alitazama viti vyote sita. Aliona kwamba hata yule mwenye binti na blanketi, dawa ilikuwa inaingia mkono mmoja tu. Binti ameshika miguu ya baba yake anaisugua, lakini baba anatazama dari. Jambo hilo lilimtisha kuliko sindano.

Alipotoka alimkuta mumewe amesimama pale pale alipomwacha, kwenye jua, kivuli kikiwa hatua mbili kando yake.

Wiki ya pili alitapika sana, na wiki ya tatu nywele zikaanza kubaki kwenye mto. Wifi akaja na uso ambao hakuja nao siku nyingine. Hakuleta asali. Alikaa ukingoni mwa kiti, akamwita kaka yake kutoka barazani, naye akaja akasimama mlangoni, bisibisi mkononi.

"Mimi ni mkubwa wenu," wifi akasema, "na mficha maradhi, kilio humfichua. Huko sokoni nimesikia maneno. Wapo wanaosema kifua kikuu. Hao ni wema. Wengine wanasema nywele hazinyonyoki kwa baridi." Akashusha sauti. "Wanasema wifi kauleta ule ugonjwa kutoka nje. Kwamba ndiyo maana kaka kahamia barazani, na meza yake, hataki kukaa naye chumba kimoja. Nami nikamtetea, lakini nimtetee kwa lipi? Kaka mwenyewe kanyamaza. Wifi yangu, mimi sikuhukumu. Niambie tu kama ni kweli."

Ulimi wa Sindano ulikuwa na la kujibu, maishani haukuwahi kukosa, lakini pumzi haikutosha kulibeba. Akafungua mdomo, kikohozi kikamkamata, akainama mbele, mkono mmoja ukishika cherehani.

"Ni saratani," Fundi Saa akasema.

Dada yake akageuka.

"Ya mapafu. Toka siku ya kwanza tunajua. Mimi ndiye nilimwambia aseme baridi." Alikuwa akiongea kama anayesoma maandishi madogo. "Hajatoka nje ya ndoa. Hajavuta. Amekaa humu ndani na mimi, ndicho alichokifanya."

Wifi akamtazama usoni, kisha macho yake, bila kutaka, yakateremka hadi mfuko wa shati, ambapo pakiti ilionekana kwa umbo lake. Akayaondoa haraka, lakini wote watatu walikuwa wameshaona. Akasimama. Akamkumbatia Sindano, akapita pembeni ya kaka yake mlangoni kama mtu anayepita karibu na sufuria ya moto.

Walibaki wawili. Ilikuwa mara ya kwanza mumewe kusimama ndani ya chumba hicho tangu alipohama.

"Mimi ndiye niliyekuua," akasema.

"Bado sijafa."

"Unajua ninachosema."

"Najua. Na sijui." Sindano akafuta mdomo. "Daktari hajui, mimi nitajuaje? Kuna siku nakuchukia toka asubuhi hadi jua linazama. Nakaa hapa nakuhesabia sigara, miaka ishirini na sita, mvua zote zile. Halafu kuna siku nasahau, nataka kukuambia kitu cha kuchekesha, nageuka, hupo." Akapumzika. Maneno sasa yalimgharimu, ilibidi ayachague. "Hilo la mapafu silijui. Ila hili la wiki hizi nalijua, halihitaji kipimo. Umeniacha peke yangu. Mke wa mwalimu alinifungulia mfuko kama mbwa, na wewe ulikuwa hatua nne."

Fundi Saa akaweka bisibisi juu ya cherehani. Akatoka. Sindano alidhani amekwenda nyuma ya nyumba, kwenye choo chake na sigara yake, akafumba macho. Lakini alikuwa amekwenda nyumbani kwa mwalimu mkuu. Alirudi baada ya saa nzima, shati limelowa jasho kwapani.

"Nimemweleza," akasema. "Nimemweleza mbele ya mumewe."

"Akasemaje?"

"Amelia kidogo. Amesema hakujua." Akajikuna shingo. "Vitambaa ameshampa fundi mwingine. Zimeshashonwa."

"Na zile kumi na moja?"

"Sikukumbuka kuuliza."

Sindano akamtazama mwanamume huyu, ambaye ametembea kwenye jua kwenda kujivua nguo mbele ya watu na akasahau sketi, akashindwa kujizuia kutabasamu. Hakumsamehe. Alitabasamu tu.

Siku ya dawa ya pili mumewe aliingia naye. Alikaa kwenye stuli ya chini, magoti yamefika kidevuni, akashika bakuli mkewe alipotapika, akalimwaga, akalisuuza, akarudi nalo. Kiti cha pembeni alikaa mtu mwingine, mzee asiyetaka maongezi. Sindano aliuliza habari za muuza vyombo, na muuguzi akasema hakuja wiki hii, akaendelea na kazi yake kwa haraka kidogo kuliko kawaida.

Daktari alisema uvimbe umesimama. Haujapungua, umesimama. Fundi Saa akauliza maana yake ni nini, na daktari, akimtazama Sindano, akasema maana yake ni kwamba mama ana muda, na kwamba hawezi kusema mwingi kiasi gani.

Waliteremka kwenye basi mwanzo wa mtaa wao ilipokuwa alasiri. Kutoka hapo hadi nyumbani zamani ilikuwa mwendo wa dakika tano. Sasa Sindano alitembea hatua kumi, akasimama, akashika mkono wa mumewe, hatua kumi tena. Jirani mmoja akawasalimu kwa sauti ya msibani. Mwingine akajifanya anatafuta kitu ndani.

"Yule mwanamke wa kilemba," Sindano akasema, "nadhani amekufa."

Fundi Saa alivuta pumzi, na Sindano akaisikia ile sentensi ikija, ile ya wote, usiseme hivyo. Akaingojea kama anayengojea mlango ufungwe.

"Inawezekana," mumewe akasema.

Wakaenda hatua kumi. Wakasimama.

"Mimi pia nitakufa na hii. Si leo. Lakini ni hii."

"Naogopa ukisema," mumewe akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Naogopa sana. Lakini sema."

Basi Sindano akasema. Alianza na cherehani: asipewe mtu wa kuiuza, apewe mwanawe, hata kama hajui kuitumia. Akasema leo hii wampigie simu mtoto wamweleze wao wenyewe, asisimuliwe na shangazi yake. Akasema kuna kitambaa cha bluu chini kabisa ya sanduku, amekiweka miaka sita akisubiri siku ya maana, na anataka kukishona gauni alivae akiwa hai, hata kama ni kwenda dukani tu. Akasema anachokiogopa si kufa. Anaogopa ile pumzi ya mwisho, kwamba itakuwa fupi kama hizi, na kwamba atakuwa anatafuta mtu chumbani asimwone. Alikuwa akisimama katikati ya maneno kupumua, na mumewe alisimama naye, hakumkatiza, hakumfuta machozi, hata yake hakuyafuta. Mara moja tu aliuliza, "Bluu ipi, ile yenye maua?" na Sindano akasema hapana, ile tupu.

Walifika mlangoni kwao. Meza ilikuwa barazani, imefunikwa turubai, na funguo zilikuwa mfukoni mwa Fundi Saa. Aliusikia mkono wa mkewe ukiwa bado umeushika wake, na akaisikia pumzi ikijikusanya kwa neno jingine.

Hakutoa funguo. Walipita mlango wao, wakaendelea na barabara, polepole, hatua kumi kwa kumi, Sindano akiongea.